Stesheni Masta wa Tangi la Mzee Kang

Kwa miaka ishirini na tisa Tu Pihsia alipakia vyakula vya wasafiri katika jiko lililo nyuma ya kituo cha treni cha Pingtung, na mimi nilisimama upande wake wa kushoto kwa miaka kumi na miwili kati ya hiyo. Yeye alitia wali, mimi niliweka mnofu wa nguruwe juu yake. Ndiyo maana tabia yake naijua. Pihsia hakuweza kuvumilia nafasi tupu. Boksi likipita mbele yake na pengo la upana wa kidole kando ya yai, alilirudisha, akachomeka kipande cha figili au jani la kabichi, kisha akakigandamiza kifuniko kwa kiganja. Msimamizi alimwambia mara nyingi kwamba hata kabichi hununuliwa. Pihsia alimjibu kwamba msafiri akifungua boksi akaona pengo, huanza kuwaza nani amemwibia.

Alistaafu akiwa na miaka sitini na mmoja. Mumewe, Weng Mingtsung, ni fundi wa pikipiki, mtu wa maneno mengi na haraka kidogo. Wanakaa ghorofa ya tatu katika jengo la zamani kwenye uchochoro wetu. Nyumba ya chini kabisa ni ya Mzee Kang Tengfa, mjane wa miaka sabini na saba, ambaye ujana wake wote aliumaliza akiongoza ishara za treni. Walikuwa majirani kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote mazungumzo yao yalikuwa "Umekula?" na "Nimekula." Mzee Kang hakuwa mtu wa kukaa barazani.

Jumanne moja baada ya sikukuu ya mwezi, gari la taka lilikuja na muziki wake saa kumi na moja na nusu jioni kama kawaida, nasi sote tukatoka na mifuko yetu. Mzee Kang ndiye aliyezoea kuwa wa kwanza kwenye foleni, na kifuko chake kidogo kama ngumi. Siku hiyo hakutoka. Pihsia alitupa taka zake, akarudi, akamgongea mlango. Hakujibiwa, ila alisikia kitu kama kijiko kikigonga vigae, tk, tk, kwa utulivu. Alimwita Mingtsung aje na vifaa vyake.

Walimkuta kwenye sakafu ya bafu, nyonga imevunjika, amelala hapo tangu adhuhuri. Alikuwa mtulivu kama mtu anayesubiri treni iliyochelewa. Lakini watu wa gari la wagonjwa walipomwinua, alimshika Pihsia mkono wa nguo.

"Ufunguo uko kwenye kiatu cha mvua. Samaki wale mara moja kwa siku, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Usitoe kitu na usiongeze kitu."

"Mzee, nyonga imevunjika, wewe unawaza samaki?"

"Mimi nina madaktari," alisema Mzee Kang.

Ndivyo Pihsia alivyoliona tangi lile kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la futi sita, limeshika ukuta mzima wa sebule, maji yake yana rangi ya chai hafifu kwa sababu ya gogo kubwa lililolala katikati. Ndani yake mlikuwa na samaki malaika wanne, bapa kama sahani, wenye mapezi marefu yanayoning'inia kama riboni. Mlikuwa na kundi la samaki wadogo wenye pua nyekundu. Na chini kabisa, peke yake, alikuwamo samaki mnene wa rangi ya chungwa, mwenye mikanda mitatu myeusi na masharubu, mrefu kama kiganja na nusu. Kwenye kioo palibandikwa karatasi ya tarehe za kubadilisha maji, na juu yake Mzee Kang alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Stesheni Masta, miaka kumi na tisa."

Kwa siku kumi na moja Pihsia alifuata amri. Siku ya kumi na mbili, Jumapili, alipita sokoni asubuhi akakuta muuzaji ametundika mifuko ya maji kwenye waya, kila mfuko na samaki wake. Watano walikuwa na milia myeusi juu ya mwili wa dhahabu, kama chui wadogo, na hawakutulia hata kidogo.

"Hawa wanakaa na nani?" Pihsia aliuliza.

"Na yeyote, mama. Samaki ni samaki."

Baadaye aliniambia kwamba moyo wake ulimwonya, lakini jicho lake lilikuwa limeshaona pale juu ya gogo, mahali pakubwa pasipo na kitu. Akafikiri mzee atarudi akute nyumba imechangamka. Aliwabeba, akawamimina tangini mfuko kwa maji yake, akapanda juu kupika.

Asubuhi ya Jumatatu aliposhuka, wale malaika walikuwa wamejibanza wote wanne kwenye kona moja. Mapezi yao yalikuwa yamechanika kama pindo la nguo iliyonaswa kwenye mnyororo wa baiskeli. Wenye milia walikuwa wanawazunguka, mmoja anachokoa, anakimbia, mwingine anaingia. Wale wadogo wa pua nyekundu walijificha kwenye majani. Pihsia alipiga magoti kutazama chini ya gogo. Stesheni Masta hakuwapo.

Alimulika tochi huku, akamulika kule. Akatazama sakafuni, nyuma ya sofa, hata ndani ya kapu la magazeti, maana alisikia kwamba samaki huruka. Saa tisa alasiri simu ililia, na Mzee Kang, kutoka kitandani hospitalini, aliuliza swali alilouliza kila siku.

"Stesheni Masta amekula?"

"Amekula," alisema Pihsia.

Aliweka simu chini. Hakuwahi kumdanganya mtu mgonjwa. Alipanda juu, akamweleza mumewe.

"Samaki watano wadogo hivyo wammeze bwana mkubwa yule?" alisema Mingtsung. "Ni kama mimi na wewe tumeze basi."

"Basi yuko wapi?"

Mingtsung aliwasha pikipiki. Walikwenda kwenye duka la samaki la Juan Suling, karibu na daraja. Suling ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye gamba la samaki limemganda kwenye mkono muda wote, na hana subira na mtu asiyejua anachotaka. Alimsikiliza Pihsia mpaka mwisho huku akifuta kioo.

"Wenye milia wangapi?"

"Watano."

"Na malaika wenye mapezi marefu. Na maji ya joto ya malaika." Suling aliweka kitambaa chini. "Dada, wale ni wahuni wa mtaa. Wakiwa kumi na tano wanapigana wenyewe kwa wenyewe, hawana nafasi ya kumsumbua mtu. Ukiwaweka watano, wanatafuta wa kumchokoza, na riboni ndefu inayopepea mbele yao ni mwaliko. Aliyekuuzia angekuuliza kwanza nyumbani una nani."

"Aliniambia samaki ni samaki."

"Na mtu ni mtu. Mbona hukumleta mama mkwe wako mkae chumba kimoja?"

"Alikaa," alidakia Mingtsung. "Miaka sita."

Suling hakucheka, ila alivuta kiti akamkalisha Pihsia. Alimwambia kwamba kabla ya kumpenda samaki kwa rangi yake, uulize akikua atakuwa na ukubwa gani na mdomo wake utaingiza nini, kwa sababu kinachoingia mdomoni ni chakula, hata kama jana mlikuwa marafiki. Uulize anapenda maji ya joto gani, laini au magumu. Uulize anaishi juu, katikati au chini, ili wasigombee sakafu moja. Uulize kama anaishi peke yake, wawili wawili, au kwa ukoo. Wale pua nyekundu, alisema, Mzee Kang aliwaingiza wakiwa wakubwa na malaika wakiwa wadogo, ndiyo maana hawakuliwa. Alilijua tangi lile, kwa sababu gogo lile yeye ndiye aliyeliuza.

"Kwa hiyo mzee hakuacha nafasi kwa bahati mbaya," alisema Pihsia polepole.

"Ile si nafasi, dada. Ni uwanja wao wa kuogelea."

"Na Stesheni Masta?"

Suling alichota konokono kwenye kikombe. "Watoe wale wahuni kwanza. Usilinyanyue gogo, usivuruge kitu, utamwongezea hofu kama yupo. Chukua hawa konokono, ndio pipi yake."

Kuwatoa haikuwa kazi ndogo. Mingtsung alijaribu wavu mara tatu, na mara zote tatu alitoka na majani. Basi walifanya kama Suling alivyowaelekeza. Walikata chupa ya plastiki shingoni, wakaigeuza shingo na kuitumbukiza ndani kama mdomo wa dema, wakaitoboa matundu, wakaweka chambo cha nyama ya kamba na kijiwe cha kuizamisha. Malaika walikuwa wapana mno kuingia. Wenye milia, kwa ulafi wao, waliingia watatu kabla Mingtsung hajamaliza kujifuta mikono. Wa nne aliingia baada ya chai. Wa tano alikuwa mjanja, akasumbua mpaka Jumanne mchana.

"Huyu ningempa kazi gereji," alisema Mingtsung akimtazama ndani ya chupa.

Walirudishwa kwa Suling, akawamimina kwenye tangi lenye thelathini wa aina yao, nao wakapotea humo kama matone. Malaika walianza kutoka konani. Walikula. Lakini konokono walibaki juu ya mchanga bila kuguswa, Jumanne, na Jumatano pia. Jumanne mzee alipopiga simu, Pihsia alisema tena, "Amekula." Jumatano aliiacha simu ilie.

Alhamisi alinipitia nyumbani asubuhi, amebeba chupa ya supu, akaniomba nimsindikize. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kituo cha polisi. Tulipofika kwenye lifti ya hospitali alisimama ghafla.

"Shoga," aliniambia, "hii ni supu ya samaki."

Kweli ilikuwa supu ya samaki na tangawizi. Mtu aliyepasuliwa hupewa nini kingine? Kidonda kifunge. Aliipika bila kuwaza. Nilishindwa kujizuia, nikacheka, naye akanitazama kana kwamba atalia. Hapakuwa na muda wa kurudi, tukaingia.

Mzee Kang alikuwa ameketi, amekonda, nywele zimesimama. Pihsia alimwekea bakuli, akasimama miguuni pa kitanda kama mtoto wa shule, akasema yote bila kupumzika: soko, milia, mapezi, chupa, na siku mbili za uongo. "Stesheni Masta simwoni tangu Jumatatu," alimaliza. "Nimekuharibia, Mzee. Sina la kusema."

Mzee alitazama supu.

"Wahuni umewatoa?"

"Wote watano."

"Malaika wanakula?"

"Wanakula. Mapezi yao yanatia huruma."

"Yataota. Gogo umelinyanyua?"

"Suling alinikataza."

"Vizuri." Alichukua kijiko, akakirudisha. "Nyuma ya gogo nimefukia bomba la udongo. Mdomo wake unatazama ukutani. Kutoka mbele hulioni hata ulale sakafuni. Mwaka ule wa tufani iliyong'oa mapaa, alikaa humo siku tisa."

"Na kama amefia humo?"

"Samaki mkubwa vile angekuwa amekufa siku nne, maji yangekuwa ukungu na nyumba yote ingenuka. Maji yakoje?"

"Safi. Rangi ya chai, kama ulivyoyaacha."

"Basi nenda. Zima taa, funga mapazia, weka konokono karibu na ukuta, kisha ukae. Usitembee. Na huyo mumeo asiongee."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa amri relini, lakini alionja kijiko kimoja tu cha supu, na nikajua kwamba hata yeye hakuwa na uhakika.

Tulirudi kabla ya saa sita. Pihsia alifunga mapazia, akazima taa ya tangi na pia feni. Aliweka konokono wanne kwa kijiti kirefu, akavuta stuli ya kuogea, akakaa. Mingtsung alikaa kwenye kizingiti na kitambaa cha mafuta begani, kimya, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Mimi nilisimama mlangoni. Nje jirani alikuwa anakaanga kitunguu saumu. Nusu saa ilipita, miguu ikaniuma.

Kisha tukasikia sauti. Ilikuwa kama mtu anayevunja kucha, tk, kutoka ndani ya maji.

Pihsia aliinua mkono, ingawa hakuna aliyekuwa anasogea. Nyuma ya gogo yalitokea masharubu, halafu pua, halafu mkanda wa kwanza mweusi. Stesheni Masta alitoka taratibu, akapita juu ya mchanga, akafika mbele ya kioo mahali ambapo Pihsia alikuwa ameinama. Hapo akaanguka ubavu, akalala chali nusu, bila kutikisika.

"Amekufa," Pihsia alinong'ona. "Amekuja kufia mbele yangu."

Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. Ndipo lile zee likafanya tk nyingine, likajigeuza bila haraka kama mtu anayetafuta upande wa baridi wa mto, likaenda kumfyonza konokono wa kwanza kutoka kwenye gamba lake. Likamaliza wote wanne. Kwa kila mmoja tulisikia tk.

"Ndivyo anavyolala," alisema Mingtsung, aliyeshindwa kunyamaza zaidi. "Kama baba yako siku ya mwaka mpya."

Pihsia alicheka mpaka akateleza kwenye stuli, akabaki ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati la tangi. Nilidhani ameumia, kumbe anapumua tu. Alisema kwamba tangu Jumatatu hakuwa amevuta pumzi ikafika chini. Kisha aliniomba simu, akapiga hospitali. Mzee alipopokea, hakumwambia neno. Aliweka simu kwenye kioo, akamtupia Stesheni Masta konokono wa mwisho. Tk.

Upande wa pili tukamsikia Mzee Kang akisema, si kwa Pihsia, labda kwa muuguzi: "Leta ile supu. Nitaimaliza."

Alirudi nyumbani baada ya wiki tano, anatembea kwa fremu ya chuma. Binti yake wa Hsinchu alimleta kwa gari, akajaza friji, akalia kidogo, akarudi kazini. Mzee hakukaa kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akasimama akihesabu kwa kidole.

"Pua nyekundu ishirini na wawili," alisema. "Walikuwa ishirini na watatu."

"Huyo mmoja sijui," alisema Pihsia. "Nimetafuta. Nadhani ni wahuni, au hofu."

"Alikuwa ametoka kibiongo, huyo. Alishakula miaka yake." Akageukia malaika. Mapezi yalikuwa yameanza kuota, meupe na membamba pembeni kama karatasi. Aliridhika, akaketi.

Pihsia alimpa chai, naye akabaki na kikombe chake mkononi bila kunywa. "Mzee, Suling aliniambia jambo. Kwamba aina ya Stesheni Masta hukaa kwa ukoo. Watano, sita. Kwamba huyu kuwa peke yake si tabia yake."

"Walikuwa sita," alisema Mzee Kang. "Umeme ulikatika siku mbili za joto, sikuwapo, mke wangu alikuwa amelazwa. Alibaki huyu."

"Mbona hukumnunulia wengine?"

"Hao huishi miaka ishirini, dada, na zaidi. Mimi nina sabini na saba. Nikinunua mtoto leo, namwachia nani?"

Pihsia alikunywa chai yake sasa. "Mimi nina sitini na mmoja na nakaa juu yako. Na Mingtsung ameshajua kukaa kimya nusu saa."

Mzee akasema kwamba atafikiri. Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alimgongea dari kwa mpini wa ufagio, na kwa kuwa kuna nyumba nyingine katikati, aliyeshuka kwanza alikuwa jirani wa ghorofa ya pili, amekasirika. Yeye ndiye aliyepanda kumwambia Pihsia kwamba anaitwa.

Dukani kwa Suling walikwenda kwa teksi, Mzee, Pihsia na Mingtsung. Mzee alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akasema, "Chagua wewe." Pihsia alisimama mbele ya tangi la watoto wa chungwa, kila mmoja mrefu kama kidole cha kati, akaanza kuuliza. Wamefika lini? Wanakula? Wamewahi kuwa na madoa meupe? Maji yenu ya joto gani? Huyu mwenye tumbo lililoingia ndani, ana nini? Mkubwa wetu atawaumiza? Watawagusa malaika?

Suling alijibu moja moja, mikono kiunoni. "Leo ni wewe unanihoji mimi," alisema.

"Ulinifundisha kuuliza."

"Mkubwa atawaongoza, hatawaumiza. Malaika hawana habari nao, hao wanaishi chini. Ila siwapi leo. Watakaa hapa wiki tatu, nione kama wana ugonjwa. Tangi la mzee si mahali pa kujaribia."

Pihsia alionyesha wanne, akamwacha yule wa tumbo lililoingia. Alipoulizwa kama anataka na hawa wa bluu wa juu, wanaopendeza sana, alitazama kidogo, akasema hapana, hao wanne wanatosha.

Walihamishiwa nyumbani mwezi uliofuata, asubuhi ya mvua. Safari hii Pihsia aliuacha mfuko uelee juu ya maji kwanza, akaongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe, saa nzima, Mzee Kang akimhesabia. Walipoachiwa, walikimbilia chini wote wanne na kujipanga kando ya gogo, wakitetemeka. Stesheni Masta alitoka kwenye bomba. Aliwanusa mmoja mmoja kwa masharubu yake, akapita, akageuka, akapita tena. Aliporudi nyuma ya gogo, wa kwanza alimfuata, na wengine watatu wakamfuata huyo.

Walisubiri kusikia kelele za ugomvi. Ilikuja tk moja tu, halafu nyingine, halafu ndogo ndogo nne.

"Wanajibu," alisema Mzee Kang.

Pihsia alifunga pazia ili wapumzike. Alimwachia mzee uji kwenye sufuria, akapanda nyumbani kwake, akalala alasiri yote huku mvua ikinyesha, na Mingtsung aliporudi kutoka gereji ilibidi ajipikie tambi mwenyewe.